Chambo Changu Mbele ya Papa Gaspard

Watu wangu, leo aibu imenivaa mchana kweupe. Nimetoka tu kuvuka mto, nguo bado zinanuka samaki, na nisipowaambia nyinyi nitapasuka. Kaeni vizuri.

Mnajua namtaka Zawadi wa Lubunga, ng'ambo ya mto. (Kwa wasiojua: namtaka. Sana.) Wazee wangu wako tayari kwenda kwao kujitambulisha, wameshanunua hata viatu, lakini baba yake, Papa Gaspard, hataki kutupangia siku. Kila akiulizwa anasema bado anafikiri. Halafu wiki hii akaniitisha kupitia Zawadi: Jumamosi niende tukavue pamoja kwenye bwawa lao. Nikajua ndio mtihani. Papa huyu anaamini kwamba mtu ukimkalisha kando ya maji kutwa nzima, utamjua tabia yote.

Sasa bwawa lenyewe ni gumu, nisiwadanganye. Liko nyuma ya Lubunga, ndani ya miti, lilichimbwa na babu yake Zawadi. Maji meusi kama chai, magogo yamelala chini, na humo ndani wamo kapi, wale perege wakubwa, waliokwisha kuona kila ndoano ya dunia hii. Minyoo hawagusi. Kwanga, ule mkate wa muhogo, wanainusa wanakwenda zao. Papa Gaspard anawategea mpose, wale funza wanono wa mchikichi ambao sisi tunagombania sokoni, na samaki wanakataa! Samaki gani anakataa mpose?

Basi nikasema naenda na chambo cha kweli. Tonton yangu, mjomba wangu wa Yanonge, mvuvi tangu utoto, akanipa siri yake. Unga wa muhogo. Mafuta ya mawese. Ndakala, wale dagaa wakavu, waliotwangwa. Na makapi ya lotoko, yaani yale mabaki ya mahindi yanayobaki pombe ikishatoka. Unakanda, unakiacha kikae mpaka kichache. Mwisho kabisa unakitemea mate, kwa sababu tonton anasema chambo kisicho na mate ya mwenyewe, samaki hajui anaitwa na nani. Nikatema. (Nilitema kwa moyo wote. Nimeshasema namtaka.) Nikafunga kwenye yale majani mapana ya kwanga, nikampigia Zawadi kumsimulia. Alicheka mpaka simu ikakatika.

Leo asubuhi nafika kwao, papa ameshatangulia bwawani. Ameacha kitunga barazani ili nikibebe mimi. Nikatia furushi langu ndani, nikaingia kusalimia. Mama Zawadi akaniitikia kutoka nyuma ya mlango wa jiko. Mnajua desturi: mama hasemi ana kwa ana na kijana anayemtaka binti yake, na mimi hata kumtazama usoni siwezi. Kwa hiyo hakuna mtu aliyeniambia kwamba, wakati mimi nakunywa maji sebuleni kwa adabu zote, mama alitia ndani ya kitunga kile kile furushi lake la chakula chetu cha mchana. Majani yale yale. Ukamba ule ule.

Mimi nikabeba kitunga, nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Bwawani nikachagua mahali pangu karibu na gogo moja kubwa, Papa Gaspard akiwa upande wa pili. Nikatoa furushi la juu bila kutazama chini yake, nikafungua. Donge la manjano, laini, linanukia mawese na ndakala safi! Nikajisifu kimoyomoyo. Nilipolifunga lilikuwa na harufu ya kutoa machozi, leo linanukia hivi? Nikasema kweli, tonton ni bingwa, kuchacha kumelitengeneza. (Nina miaka thelathini na moja. Nimekula lituma maisha yangu yote. Lituma! Ndizi na muhogo vya kutwanga kinuni, kwa mawese na ndakala. Na sikuitambua kwa sababu ilikuwa kwenye ndoano.)

Nikafinyanga kidonge, nikatupa. Boya halijatulia, likazama!

Jamani. Nikavuta, samaki akavuta, nikateleza kwenye tope nikabaki goti moja chini, nikavuta tena, akatoka. Kapi mpana kuliko sahani! Nikatupa tena. Wa pili. Nikatupa tena. Wa tatu akakata uzi akaenda nao, sikujali, nikafunga ndoano nyingine. Sijawahi kuona kitu kama kile. Samaki walikuwa wanagombana chini ya maji, nawaona migongo! Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Papa Gaspard akaacha mpose wake, akazunguka bwawa, akasimama nyuma yangu. Akatazama samaki kwenye nyasi, akanitazama mimi.

"Unatumiaka nini pale?"

Nikamjibu ni siri ya Yanonge, lakini nikishakuwa mtu wa nyumbani nitamfundisha. (Sikieni mdomo huu. Usikieni vizuri.) Akaguna, akakaa karibu na kitunga. Niliona kabisa anaanza kunikubali.

Jua lilipopanda akasikia njaa. Mimi macho yako kwenye boya, nasikia tu majani yanafunguliwa nyuma yangu. Kisha sauti yake, polepole:

"Mutoto, hii kitu ni weye ulileta?"

Mimi mawazo yote kwenye chambo. Nikajua anauliza furushi lililo mapajani mwangu, na hapo ndipo pa kujionyesha. "Ndiyo, papa. Niliikanda na mikono yangu. Niliacha ichache vizuri."

"Weye mwenyewe? Haiko mama yako aliikanda?"

"Miye mwenyewe, papa. Hakuna mutu alinisaidia."

Halafu nikasikia anatafuna. Nikafikiri anakula chakula chake alichokuja nacho mfukoni, sikugeuka, kapi mwingine alikuwa ameshika. Sasa ndio nimeelewa: alifikiri mkwe mtarajiwa amempikia, na kwa malezi yake, kukataa chakula cha mtu ni kumkataa mwenyewe. Kwa hiyo alikula. Alikula mpaka majani yakabaki matupu. Mara moja tu alikohoa, akasema, "Iko nguvu." Nikasema asante papa.

Baada ya hapo alianza kubadilika. Papa Gaspard ni shemasi. Ndiye kiongozi wa wanaume wa kanisani kwao walioapa kuachana na pombe, na kinywa chake hakijawahi kugusa hata bia. Sasa yale makapi ya lotoko ndani ya tumbo lisilozoea! Uso ukang'aa. Jasho likamtoka. Akaanza kuimba nyimbo za kwaya, sauti ya pili, kwa nguvu, na samaki wangu hawakukimbia. Akanisimulia jinsi alivyomposa Mama Zawadi. Akanishika bega, akaniita mwanangu. Mimi roho yote inaruka, nasema mtihani nimepita, nipige simu nyumbani wavae vile viatu.

Ndipo Zawadi na mama yake wakaja kuchukua samaki.

Mama alipoona lile rundo kwenye nyasi alisimama akaziba mdomo. Miaka yote ya ndoa yake bwawa hili limempa vijisamaki viwili vitatu vya kuonjea chumvi. Akamwambia Zawadi, kwa sauti ya kutosha mimi nisikie, bila kunitazama:

"Umuulize kama chakula ilimupendeza."

Zawadi akaniuliza. Nikamuuliza chakula gani. Akasema lituma, mama aliitia ndani ya kitunga. Nikasema mimi sikuona lituma yoyote. Na wakati nasema hivyo, mkono wangu ulikuwa unafinyanga kidonge.

Zawadi akainama. Akachukua kipande kutoka mapajani mwangu, akanusa, akaonja.

"Beno, hii iko lituma ya mama."

Nyimbo za kwaya zikakoma. Sote wanne tukageuka polepole kuyatazama yale majani mengine, yaliyo matupu, miguuni pa shemasi.

"Alors miye," akauliza Papa Gaspard, "nilikula nini?"

Nilitamani kapi wanivute mimi. Nikaanza kutaja kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu: muhogo, papa. Mawese. Ndakala kidogo. Nikapunguza sauti kabisa: na makapi ya lotoko. Mama akapiga ishara ya msalaba. Papa akashika tumbo kama anasikiliza kitu ndani. Nikafikiri limekwisha, nimeponea hapo. Lakini Zawadi wangu, mpenzi wangu, mwanamke ninayemhangaikia, akashindwa kujizuia:

"Na mate? Ulitema mate?"

"Mate ya nani?" akauliza papa.

Watu wangu, kuna maswali hayana jibu zuri.

"Yangu, papa."

Nikawaona wazee wangu wanarudisha viatu dukani. Nikamwona Zawadi anaolewa na mtu mwingine, mtu anayevua kwa nyavu. Papa Gaspard akakaa chini, akanitazama sana, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati, mara moja, mara ya pili. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Nikajua analia. Alikuwa anacheka!

Akasema yeye alikuwa ameshakata shauri. Tangu tonge la kwanza alikuwa amesema moyoni, huyu mtu hapana. "Nilisema kama hii ndiyo chakula anapikaka, mutoto yangu atakufa na njaa. Nilimaliza kula juu ya heshima, bon, kesho ningekukatalia." Zile nyimbo, lile bega, yote yalikuwa lotoko! Akafuta machozi. "Kumbe iko chambo. Kama ni ya samaki, haina mubaya."

Na mama? Mama alikuwa bado anawatazama wale kapi. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanigeukia mimi mwenyewe.

"Samaki balipenda lituma yangu?"

"Sana, mama. Baligombana."

Mama akainua kidevu. Akamtazama mumewe na mpose wake wa miaka yote, akaanza kupanga samaki ndani ya kitunga kama mtu aliyeshinda kesi. Papa akaliona hilo, akaguna, akasimama taratibu kwa kushika mti.

"Bazee yako bakuje juma ijayo," akaniambia. "Lakini weye, jikoni usiingie."

Ndio hivyo. Nimepata siku. Na wewe unayecheka hapo, nimekuona. Siku ya harusi, sahani yako nitaikanda mimi mwenyewe.