Habari za Janelle Hostetler na Asubuhi Isiyo na Chozi

Sogeeni, enyi mama mlioacha uji ukiungua jikoni, nanyi baba mnaojidai mnasoma gazeti. Tulizeni watoto, au kama hawatuliziki waleteni hivyo hivyo, maana habari hizi ni zao. Nitawasimulia Janelle, mke wa Darrin fundi umeme, jemadari wa meza ya kulia, mwenye kalamu za kila rangi na subira ya kuazima, jinsi alivyosimama peke yake siku ya Ijumaa katika mji wetu mdogo wa Indiana, akapigana vita ambavyo wafalme wa kale wangevikimbia viatu mkononi. Mengine niliyaona kwa macho yangu, kwa kuwa tunapakana; mengine kanieleza mwenyewe huku akijicheka hadi akashika mbavu. Chumvi nimetia kidogo tu.

Chanzo cha vita kilikuwa mwanawe Gideon, mwenye miaka sita. Kijana huyo alizaliwa na mdomo usiojua likizo: alisema na kuku, alisema na postamani, alisema hata na mlango wa friji. Kisha akapelekwa shule ya mji, akasoma mwaka mmoja, naye akawa anarudi kila jioni kimya. Hakupigwa wala hakuonewa, na mwalimu wake alikuwa mwema. Ila maneno yalimkauka. Akiulizwa siku imekwendaje hujibu, "Sawa," kisha hulala kifudifudi kwenye zulia. Janelle akamtazama mwanawe pale zuliani, na moyo ukamuuma sana. Ndipo akala kiapo kwamba atamfundisha nyumbani.

Lakini Darrin, mtu wa waya na fyuzi, hakupenda jambo lisilo na swichi. Wakaafikiana mbele ya mama yake Darrin, Bi Lorna, aliyefundisha darasa la kwanza katika shule ile ile hadi nywele zikawa nyeupe: Janelle ajaribu mpaka mwisho wa Oktoba. Ikipatikana asubuhi moja, moja tu, ya masomo tangu mwanzo hadi chakula cha mchana bila mtu kulia, Gideon atabaki nyumbani. Isipopatikana, Jumatatu inayofuata atapanda basi la njano la shule.

"Na kulia ni kulia," akasema Bi Lorna. "Hata akilia mwalimu."

Hilo la mwisho alijua kwa nini kalisema.

Basi Janelle akajifunga kibwebwe, akashuka ghorofa ya chini ya kanisa, kwenye mnada wa vitabu vilivyotumika, ambako wanawake wanaoimba pamoja Jumapili hupigana viwiko Jumamosi kwa ajili ya kitabu cha sarufi kilichochorwachorwa. Akatoka na ushindi mara tatu, na mara tatu akajuta. Mtaala wa kwanza ulikuwa wa wahenga, nao ulidai Kilatini. Mtoto asiyejua kufunga viatu akanyambulishwa vitenzi vya Warumi, akalia. Wa pili ulikuwa wa maumbile: ukawapeleka msituni kuchora jani, wakachora kiota cha nyigu bila kujua, nyigu wakawauma, wakalia wote kwa pamoja njia nzima ya kurudi. Wa tatu ulikuja umefungwa sandukuni, kila kitu ndani, hata maneno ya kusemwa na mama yalichapwa kwa wino mwekundu ili asije akajisemea lake.

Kisha akatenda kosa ambalo sisi tunaofundisha nyumbani hulitenda sote wala hatukomi. Aliandika ratiba ya siku kwa robo saa robo saa, akaipaka rangi, na kabla hajaijaribu hata asubuhi moja, akaipitisha kwenye mashine ya kuipaka plastiki. Ratiba ikishaingia plastiki haifutiki tena, imekuwa sheria. Uji ulikuwa zambarau, hesabu nyekundu, na saa nne na robo, kwa rangi ya chungwa, paliandikwa FURAHA. Akaibandika juu ya friji. Tangu siku ile haikupita asubuhi kavu nyumbani mwake, na yeye mwenyewe alikuwa na mahali pake pa kulilia, ndani ya stoo, kati ya makopo ya nyanya.

Hata ikafika Ijumaa ya mwisho. Bi Lorna angekuja kabla ya chakula cha mchana kukagua macho ya kila mtu, na Darrin angepiga simu kutoka kazini kuuliza hukumu. Janelle akapiga moyo konde, akasimama mbele ya friji na kengele mkononi.

"Wanangu," akanena, "leo ndiyo leo. Leo tutasoma kama watu ambao hawajawahi kulia tangu wazaliwe. Kila mmoja ashike kalamu yake na asimame imara mahali pake."

"Mama," akasema Gideon, "Tirzah yuko chini ya meza."

"Tirzah, toka mpenzi."

"Mimi ni kobe," akajibu Tirzah, ambaye ana miaka minne.

"Kobe naye anasoma."

"Kobe hana vidole vya kushika kalamu."

Janelle akamwacha kobe, akafungua sanduku. Akasoma wino mwekundu: "Watoto, leo tutajifunza jambo la kusisimua."

"Sasa hapo unatakiwa utabasamu," akasema Gideon taratibu, bila kuinua kichwa. Aliyajua maneno ya mama yake yote.

Janelle akatabasamu kama alivyoagizwa. Somo lilikuwa la kutoa, na swali ishirini toa kumi na tatu. Gideon akatazama karatasi. Mdomo wake wa chini ukaanza kutetemeka. Janelle akakimbilia kopo la dubu wa plastiki wa kuhesabia, kikosi chake cha akiba. Kopo lilikuwa tupu. Amos, kitinda mimba wa miaka miwili, hakuonekana, na kutoka bafuni ikasikika sauti: chubwi. Kisha chubwi nyingine.

Shujaa wetu akanyakua kijiko cha matundu, kile cha kuchotea maharage, akaingia uwanja wa vita. Alimkuta Amos ameegemea choo, uso umetulia kama mchungaji anayebatiza.

"Dubu oga," akasema Amos, na mkono wake ukavuta mpini wa kuvutia maji.

Enyi msikiao, bahari ikachafuka. Janelle akatupa heshima pembeni, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akachota, akakosa, akachota tena. Maji yakamrukia kifuani, yakamrukia nyweleni. Gideon akaja mbio, na kobe akaja mbio, akiwa na vidole vyote.

"Waweke kwenye taulo kwa rangi," Janelle akamwambia Tirzah, akihema. Wala hayo hayakuwa maneno ya wino mwekundu, yalimtoka tu.

Gideon akatazama taulo. "Wako kumi na watatu," akasema. "Walikuwa ishirini. Saba wamo bado. Chota, Mama, saba hao."

Akamwambia hivyo bila karatasi na bila kutetemeka mdomo. Na walipotoka sita, akasema, "Bado mmoja, yule wa kijani, ndiye kiongozi wao. Hawezi kutoka kabla ya askari wake." Mdomo ukafunguka kama bomba lililozibuliwa. Akaeleza walikokuwa wakienda dubu na nani aliwadanganya. Akasoma chupa ya dawa ya choo, silabi kwa silabi, *u-si-nywe*, ili kuwaonya majeruhi. Saa ya rangi nyekundu ikapita, na ya chungwa ikapita, asiwepo aliyekwenda kuitazama.

Bi Lorna alibisha hodi, hakujibiwa, akafuata kelele. Akasimama mlangoni na koti lake.

"Darasa liko wapi?"

"Ndilo hili, Mama," akasema Janelle akiwa amepiga magoti. "Kabla hujahukumu, nisikilize. Nimenunua mitaala mitatu. Nina ratiba yenye rangi nyingi kuliko gwaride. Na leo nimefundisha hesabu chooni kwa kijiko cha maharage. Najua ninavyoonekana."

"Unaonekana umeoga na nguo," akasema Bi Lorna.

Lakini Gideon alikwisha kumshika bibi yake mkono wa koti. Akamsimulia yote, kisha akasimulia yasiyokuwepo, akimeza pumzi katikati ya neno. Bi Lorna, ambaye mwaka mzima alipewa na mjukuu huyo neno "sawa" peke yake, akaketi polepole kwenye ukingo wa bafu, na koti lake likaloa, asijali.

"Haijaisha," akasema Gideon. "Jumatatu nitakwambia alikokwenda wa kijani. Tutakuwa hapa hapa. Sivyo, Mama?"

Ndipo Janelle akashindwa. Aliyestahimili nyigu na Kilatini, machozi yakamtiririka waziwazi, mbele ya hakimu.

Gideon akamgeukia bibi yake. "Bibi," akasema, "Mama analia. Ina maana tumeshindwa?"

Simu ya Bi Lorna ikalia mfukoni. Alikuwa Darrin.

"Haya, Mama, niambie ukweli. Kuna aliyelia?"

Bi Lorna akamtazama mkwewe. Mwanamke huyu, miaka yote ya kazi yake, hakuwahi kumpa mtoto hata alama nusu asiyostahili.

"Hakuna," akasema. "Mkeo karukiwa na maji ya choo."

Akazima simu, akachukua taulo lisilo na dubu, akamfuta Janelle uso kwa nguvu, mashavu yote mawili, kama watoto wadogo wanavyofutwa siku ya kwanza ya shule.

Basi andikeni, enyi waandishi wa tarehe, na kalamu mzichovye wino mkali: kwamba katika Oktoba, mwezi wa maboga, Janelle Hostetler aliwaokoa dubu kumi na tisa, na wa ishirini fundi bomba anamtafuta mpaka sasa; na kwamba Jumatatu ile basi la njano lilipita mbele ya nyumba yao bila kusimama, na dereva akasikia mtoto ndani anasema, anasema, wala hanyamazi.