Balozi Anayeosha Vyombo

Ijumaa, 4 Februari 2011

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi kwa jina la mama yako: lifunge. Kama umeshalifungua, basi lisome mlango ukiwa umefungwa, na usimwambie mtu neno hata moja. Hasa usimwambie Alain. Mimi ni Pierre-Claver Nzeyimana, zamani karani mdogo wa mahakama kule Ngozi, Burundi, sasa mwanafunzi wa uhasibu hapa Durban. Nimezoea kutunza siri za watu. Nitunzie zangu.

Leo nimehamia Morningside kwa familia ya Wadenmark. Pasta wetu ndiye aliyenitafutia. Nyumba gani hii! Choo changu peke yangu. Dirisha linalotazama bandari nzima. Tumbili wanapita ukutani kama wapangaji. Baba wa nyumba, Henrik, mrefu kama nguzo ya umeme, ametaka kunibebea sanduku. Nimelivuta. Naye amelivuta. Ameshinda.

Anasema yeye ni fundi wa mashine za kupakulia meli. Mkewe, Bente, ni mwalimu. Binti yao, Signe, ana miaka tisa. Wote wanataka niwaite kwa majina, hivi hivi, bila Monsieur wala Madame. Nimejaribu. Ulimi umekataa.

Sharti ni hili: tufahamiane kwanza. Jumamosi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi, watapiga kura mezani. Signe naye ana kura! Wakinikubali, nakaa mwaka mzima na kusoma. Wakinikataa, chumba atapewa Alain, yule Mkongo wa duka la simu, ambaye pasta amemweka nyuma yangu, nami nitarudi Isipingo kulala kati ya viti vya saluni ya binamu yangu Spès. Pale hapasomeki. Vitabu vyangu mpaka leo vinanuka dawa ya nywele.

Jumatatu, 7 Februari

Mungu wangu! Asubuhi nimemwona Henrik bustanini, miguu mitupu, akipandisha bendera. Bendera ya taifa! Nyekundu, msalaba mweupe, juu ya mlingoti mrefu kuliko wa mahakama yetu. Bente na Signe pembeni, wakiimba. Mimi nilikuwa na mswaki mdomoni. Nikasimama wima palepale dirishani, povu likinitiririka kifuani, hadi wimbo ulipokwisha. Kwetu, asiyesimama bendera ikipanda hulala ndani.

Sasa nimeelewa. Nani hupandisha bendera ya nchi nyumbani kwake? Fundi? Hata kidogo. Huyu ni balozi! Anajificha kwa sababu za usalama. Lakini karani wa mahakama humtambua mkubwa hata akivaa kaptula.

Jioni balozi ameosha vyombo. Mimi nimevikausha. Unyenyekevu wa kutisha.

Mpango: kumhudumia kwa itifaki kamili bila kuonyesha kwamba najua. Kura itapita yenyewe.

Nimemwambia Spès tu, kwa simu. Nimemwapisha kwanza. Ameapa kwa uhai wa watoto wake. Baada ya kukata simu nikakumbuka kwamba Spès hana watoto.

Jumanne, 8 Februari

Bendera haipo! Jana jua lilipozama waliishusha, na leo haikupanda. Mapinduzi? Nimemuuliza Bente, kwa kuzunguka sana, kama huko kwao kuna utulivu. Amesema kuna theluji hadi magotini. Nikampa pole.

Itifaki, jaribio la kwanza: nimemfungulia Henrik mlango wa gari na kuinama. Akadhani nimeangusha kitu, naye akainama kunisaidia kutafuta. Tumegongana vichwa. Mimi, na balozi! Amenipa barafu ya kuweka kwenye paji la uso. Kwa mkono wake mwenyewe.

Jumatano, 9 Februari

Saluni nzima inajua. Alain amenipigia.

"Petit, nasikia unalala kwa balozi. Miye niko na dossier yangu ya viza, iko ya Cathy bibi yangu, iko na ya shemeji. Utazipeleka ao tukuje?"

Nikamwambia hakuna balozi hapa. Akacheka mpaka simu ikakwaruza. Eish, akasema, mtu iko na bendera ndani ya parcelle yake, ku nyumba yake, unaniambia hapana balozi? Unataka Denmark ikuwe yako peke yako?

Ndipo wazo likanijia. Kura ni saa tatu. Alain akifika saa nne, atanikuta mwenyeji kamili, na atalazimika kungoja getini hadi nimwite. Nikampa miadi kwa sauti ya ofisi: Jumamosi, saa nne kamili, aje peke yake. Nikajisikia mkubwa.

Ijumaa, 11 Februari

Jambo zito. Chakula cha jioni tumekula kwa mishumaa. Mishumaa mezani, dirishani, hata juu ya kabati la vitabu! Nikadhani umeme umekatika. Nikaenda chooni kujaribu swichi. Umeme upo.

Katikati ya chakula balozi akapigiwa simu. Akatoka nje. Akarudi, akasema maneno machache ya Kidenmark, Bente akamshika mkono. Kisha wote watatu wakatazama miali, wakitabasamu kidogo, kama watu waliokwisha kuyapokea mapenzi ya Mungu.

Kwetu, ukiona mishumaa mingi hivyo, marehemu yuko chumba cha pili.

Kuna mkubwa wa Denmark amefariki. Hakuna maelezo mengine. Na bendera imelala kabatini! Maskini balozi, uchungu umemsahaulisha wajibu. Na kura ni kesho. Hapa ndipo panapohitajika karani.

Jumamosi, 12 Februari

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani.

Alfajiri, wenyewe wakiwa usingizini, nilipandisha bendera. Nusu mlingoti, sawasawa. Nikasimama chini yake, tai shingoni. Tumbili walinyamaza.

Wa kwanza kupita alikuwa Kirsten, bibi wa Kidenmark wa mtaa wa chini, akitembeza mbwa. Akaiona. Akaweka mkono kinywani, akauliza ni nani. Nikasema nina masikitiko makubwa, lakini sina idhini ya kutaja jina. Akaanza kulia. Nikaguswa sana na uzalendo wake. Akaondoka mbio, akarudi na maua, na Wadenmark wengine wenye maua.

Kisha akafika Alain. Mapema mno! Na hakuwa peke yake: taxi nzima, ile ya basi dogo, kutoka Isipingo, Cathy mkewe, Spès, Félicité wa kanisani na kwaya yake, kila mtu na bahasha yake kwapani. Wakaona bendera. Wakaona Wazungu wanalia. Alain akavua kofia.

"Iko kilio hapa," akasema.

Bahasha zikatoweka ndani ya nguo. Cathy akaanzisha wimbo wa mazishi, kwaya ikaupokea kwa sauti zote, na hata mimi niliyejua siri nikatokwa machozi. Félicité akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma kutafuta sufuria kubwa. Na Alain? Akajiteua mwenyekiti wa kamati ya matanga! Msiba nimeuanzisha mimi, kwa mikono yangu, halafu yeye ananituma nikapange viti.

Nilikuwa napanga viti Henrik alipotokea barazani na nguo za kulalia. Kirsten akapiga ukelele, akamrukia shingoni. Alain akamsubiri aachiliwe, kisha akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, Excellence. Alikuwa mutu muzuri."

Henrik akauliza nani. Alain akasema marehemu. Henrik akauliza marehemu yupi. Wote wakanigeukia.

Nikaeleza. Kila kitu, kwa mpangilio wa tarehe. Sauti yangu ilikuwa kama ya mshtakiwa.

Kisha Henrik akaeleza, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Kwao bendera hupandishwa siku ya kuzaliwa. Ya mtu yeyote! Jumatatu mama yake alitimiza miaka themanini. Mama mwenyewe yuko Denmark, hakuiona hata hiyo bendera. Lakini ikisimama nusu mlingoti nyumbani kwa mtu, maana yake kuna aliyefariki ndani ya nyumba hiyo hiyo. Na simu ya jana? Mashine iliyowasumbua bandarini imepona. Na mishumaa? Raha tu, akasema. Raha!

Nikatazama chini. Nikaviona akilini viti vya saluni kule Isipingo, vinaningoja.

Spès ndiye aliyeniokoa. Alisema watu wameshakuja na wali umeshaiva, je, tuumwage? Basi tukala, Wadenmark na Isipingo, nyasini. Alain akala mara mbili na kumweleza Bente kwamba yeye, kwa upande wake, haogopi mishumaa.

Kura ikapigwa alasiri. Signe: ndiyo, kwa sababu hajawahi kusikia kuimbwa hivyo bustanini kwao. Bente: ndiyo, lakini hakuweza kusema kwa kicheko, akainua mkono tu. Henrik akautazama mlingoti, kisha mimi, kisha mlingoti tena. Niliomba kwa Kirundi. Mwisho akasema ndiyo, kwa sharti kwamba sitagusa tena kamba ya bendera.

Alain ameomba kura zihesabiwe upya.

Jumapili, 13 Februari

Nimetafakari ibada nzima. Nakubali kosa. Henrik si balozi.

Lakini hebu tufikiri kwa utulivu, kama watu waliosoma. Bibi kizee, yuko mbali, hayupo hata bara hili, na bado bendera ya taifa inampandia! Bibi gani huyo? Na nani anayeweza kuosha vyombo mbele ya wageni bila hofu ya kudharauliwa? Ni yule tu ambaye ukubwa wake hauwezi kupungua. Ninaishi na mwana wa mfalme!

Nimemwambia Spès tu.

Mwenye shida ya kweli ya kumfikishia mwana wa mfalme, asiye na kelele, anaweza kunipata hivi. Panda taxi ya Morningside, shuka kwenye robot, zile taa za barabarani, mbele ya duka la mikate, tembea hadi ukuta wenye tumbili. Usibonyeze kengele. Usimwamini mtu yeyote getini anayesema ametumwa nami, hasa akiwa na kofia. Zunguka upande wa bandari, piga mluzi mara mbili chini ya dirisha. Usipojibiwa upesi, usiondoke. Nitakuwa nafunga tai.