Mkaguzi wa Vidole Sita

Siku redio iliposema serikali inataka kuisimamia hii akili mnemba inayochora picha na kuandika barua, wengi Uingereza walishusha pumzi. Lusekelo alishusha suti yake kabatini.

Huyu Lusekelo ni mtu wa Mbeya, mkazi wa Lewisham, na kazi yake ni kutopenda kazi. Kesho yake alikuwa sokoni Tooting, kitambulisho kinaning'inia kifuani, macho yanatafuta riziki. Akaiona kwenye kibanda cha Faridah, Mmombasa muuza sambusa: bango jipya la bibi harusi mwenye tabasamu zito, ameshika sambusa kwa vidole sita.

Papo hapo Lusekelo aliamua kwamba hajui Kiswahili. Anayejua lugha yako utamlilia, naye hakupenda kuliliwa.

"Ukaguzi wa serikali," alisema kwa Kiingereza cha puani. "Picha hii imechorwa na mashine, bila kibali. Mtambo uliohusika nauzuia."

Mtambo wenyewe ni tableti ya Faridah.

"Please, officer! Oda zote za harusi ya Stanmore zimo humo, na harusi ni Jumamosi. Ukiichukua nimekwisha!"

"Sheria ni sheria, madam."

Maskini Faridah, machozi yakamlengalenga. Tableti ilikuwa imeshaingia mkobani pale mama yake, Bi Haifa, alipotokea nyuma ya kibanda akipangusa unga mikononi, amtazame huyo anayemliza mwanawe.

Mtu anaweza kuidanganya serikali ya mfalme, lakini malezi yake hayadanganyi. Mdomo wa Lusekelo ulifunguka kabla akili haijauwahi. Akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Bi Haifa hakuitikia.

"Faridah," alisema taratibu, "huyu mzungu wako adabu kafunzwa na nani?"

Akamvua kitambulisho shingoni, akakisogeza kwenye miwani.

"Simba wa nembo hii ana miguu mitano. Na hii je, si picha ya mashine? Akili za kuambiwa, mwanangu, changanya na zako."

"Tena haina kibali!" Faridah alidakia. Alikuwa ameshaichomoa tableti mkobani, pamoja na simu ya mkaguzi. "Mtambo uliohusika nauzuia."

"Dada yangu, tuyamalize kindugu," alisema Lusekelo. Kiswahili kilikuwa kimemrudia chote, hadi kile cha kuombea msamaha.

"Tutayamaliza. Kuna magunia mawili ya vitunguu."

Jioni ile wapita njia walimwona mwanamume aliyevaa suti analia kwa kwikwi sokoni, wakampa pole wakidhani kafiwa. Bi Haifa alikaa mbele yake, kitambulisho sasa kikiwa shingoni mwake yeye, akikagua kila kitunguu. Gunia la pili lilipokwisha, alimtazama kwa huruma.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Sasa karoti."