Ngomechuma Ihame Mezani Kwangu

Ndugu Shemeji,
Mtawala wa Ngomechuma, Mlinzi wa Madaraja Saba, na mdogo wa mume wangu,

Sasa hivi, hata dakika kumi hazijapita, mwanao Kibibi, niliyemzaa mimi, amemfungia mama yenu nje. Mama amekuja na mfuko wake wa nyanya na mwavuli wake, akagonga geti, na Kibibi, ambaye ana miaka minne na viatu bado anavaa kushoto kulia, akasimama kwa ndani na mwiko begani akamuuliza neno la siri. Mama akasema, "Fungua, mimi bibi yako." Kibibi akasema hilo silo. Mama akajaribu "mjukuu wangu mzuri", akajaribu "tafadhali", akajaribu "nitakuchapa", na hili la mwisho ndilo lililomfanya mlinzi aite wapanda farasi. Mimi nilikuwa nyuma naanika nguo. Nafika, mama ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajipepea, ananiambia, "Mwanangu, hivi mimi nilizaa wanajeshi lini? Si nilizaa karani wa stoo na mchora ramani?"

Neno la siri lilikuwa "mafuta ya ngao". Nilipolitaja komeo likafunguliwa na nikapigiwa saluti. Usiniulize nimelijuaje.

Basi nimemwachia mama kiti kizuri, nimechukua daftari la vipimo, naandika. Utanisamehe mwandiko. Shule niliiacha kidato cha pili, na kwenye somo la barua za kiofisi tulikuwa ndiyo kwanza tumefika kwenye anwani ya mwandikaji. Yaliyobaki najaribu tu.

Ombi langu nalisema mapema usije ukachoka njiani. Naomba ufalme wako uhame mezani kwangu kabla ya Jumamosi hii. Shule zinafunguliwa Jumatatu inayofuata, na mwalimu mkuu amenipa sketi thelathini na nane za sare. Ni kazi kubwa ya kwanza tangu nijue kutia uzi kwenye sindano. Amesema zikiwa tayari siku hiyo, na zikakaa vizuri kiunoni, mwaka ujao shule nzima nitaivalisha mimi. Shemeji, shule nzima! Na nyumba hii ina meza moja. Kitambaa hakikatwi hewani. Sababu zangu ni hizi zifuatazo:

1. Meza yenyewe. Nitaeleza kama vile hujui, maana nadhani barua ya kiofisi inatakiwa ieleweke hata na mtu wa pembeni. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana mnakaa wanne: wewe, kaka yako, kinyozi, na mwalimu wa hesabu. Wewe unasimulia, wao wanasema watu wao wanafanya nini, na dadu yenye pande ishirini inaamua kama wamefaulu au wameaibika. Mnauita mchezo. Nchi ni Ngomechuma, ambayo kila raia ni askari tangu anapoota jino la kwanza mpaka linapong'oka la mwisho. Sina neno na hilo, kila nchi na mambo yake. Neno langu ni ramani. Umeichora mwenyewe, karatasi nne zimeungwa kwa gundi, ni nzuri, nakiri, hasa ile misitu. Lakini imefunika meza nzima na bahari inaning'inia upande wa dirishani. Ulisema isikunjwe kwa sababu ikikunjwa milima itapasuka. Huu mwezi wa tatu tunakula tumepakata sahani. Wiki iliyopita niliweka glasi ya maji kidogo tu pembeni, kinyozi akaniambia nimefurika mji mkuu.

2. Kikosi cha ugavi. Kabla ya Ngomechuma, kaka yako alikuwa anatoa taka, anachota maji, na anaokota soksi zake, si zote, ila moja moja alikuwa anaokota. Tangu umpe ukamanda wa ngome ya kaskazini, ukimwambia taka zimejaa anajibu, "Hilo la kikosi cha ugavi." Gesi imeisha: ugavi. Mtoto ameingiza shanga puani: ugavi. Nimeangalia huku na huku nimtafute huyo kikosi cha ugavi nimshike mkono tusaidiane, nikakuta ni mimi.

Hapa hapa niseme na jambo ambalo si lalamiko sawasawa. Kaka yako unamjua. Ni mtu ambaye kwenye foleni anapitwa hata na waliokuja kuuliza foleni inaanzia wapi. Lakini Jumamosi ile ya darajani aliinuka, akaweka mkono mezani, akasema, "Daraja hili havuki mtu!" kwa sauti ambayo sikuisikia hata siku aliyokuja kwetu kujitambulisha. Nilikuwa naosha vyombo. Niliacha sufuria ikielea nikaja kuchungulia mlangoni. Nilisimama pale mpaka povu likanikaukia mikononi. Naliandika hili kama ushahidi kwamba mchezo wenu unachelewesha vyombo.

3. Jeshi lote ni langu. Unakumbuka mlipoanza hamkuwa na askari wa kupanga kwenye ramani, kaka yako akachukua mkebe wangu wa vifungo bila kuniuliza. Vile vyeupe vya mashati ndio askari wa miguu. Vyeusi vya makoti, wapanda farasi. Vya dhahabu vya gauni la harusi la watu, ambavyo nimekatazwa hata kuvishika na mikono yenye mafuta, ndio walinzi wa mfalme. Na kile kikubwa cha kahawia chenye matundu manne, kimemeguka ukingoni, ndiye Jenerali wa ubavu wa kushoto, eti kovu lile alilipata vitani. Alilipata kwenye pasi yangu, shemeji. Nilimwunguza mwenyewe.

Sasa Alhamisi ya wiki iliyopita mwalimu mkuu alitaka aone sketi moja ya mfano. Nilikuwa na haraka, kifungo cha kiunoni kimepungua, nikapeleka mkono mezani bila kuangalia, nikapata kimoja kizuri kikubwa, nikashona, nikapiga pasi, nikamkabidhi mwalimu wa hesabu aipeleke kwa sababu ndiko anakofundisha. Akaitia kwenye mfuko akaondoka nayo. Mwalimu mkuu kaipenda, hasa kifungo. Kaitundika ofisini kwake nyuma ya mlango, na ndiko Jenerali aliko mpaka leo, anashikilia kiuno.

4. Mahakama ya kijeshi. Jumamosi mlipogundua ubavu wa kushoto hauna mkuu, mliniita kutoka jikoni nikiwa na mikono ya unga, mkanisomea mashtaka ya kumteka jenerali wakati wa vita. Kinyozi akasema twende tukamkomboe usiku. Mwalimu wa hesabu akasema yeye haendi, ofisi ile ni ya bosi wake. Halafu huyo huyo mwalimu wa hesabu mkamfanya jaji! Shemeji, nani alimbeba Jenerali kwenye mfuko wa plastiki akapita naye mbele ya watu wote? Kwa sheria zenu wenyewe, Kifungu cha Kumi na Nne, anayesafirisha mateka na aliyeteka ni kitu kimoja. Alipaswa kusimama pale pembeni yangu, naye apakwe unga.

Mkasema dadu iamue. Na kwa kuwa mimi si askari, hairuhusiwi nishike dadu, ikabidi kaka yako anirushie. Mkono wa kaka yako haujawahi kuwa na bahati, ukiondoa siku aliyonishika mimi. Ikaanguka tatu. Hukumu: nimefukuzwa nchi. Sasa nauliza kwa unyenyekevu, mtu aliyefukuzwa kutoka mezani kwake, ndani ya nyumba yake, anahamia wapi? Mpaka wenu unaishia kwenye kochi. Tangu hapo nikipita na fagio Kibibi ananiambia, "Mama, wewe huruhusiwi huku, zungukia chooni." Nazunguka. Ndiyo ninavyojidharau, shemeji. Mtu mzima na cherehani yangu, nazunguka.

5. Hili ndilo kubwa, na nikilimaliza nadhani utaona huna hoja. Nimepitia sheria zako zote. Ngomechuma ina askari elfu sitini. Kifungu cha Pili kinasema kila askari lazima awe na sare kamili, koti na suruali, na asiye na sare si askari. Vizuri. Nimetafuta kwenye orodha ya watu wako. Kuna wahunzi mia tatu. Kuna wafuga farasi, wapiga tarumbeta, wapelelezi, kuna hata mtu kazi yake ni kunoa mikuki ya mabalozi. Fundi wa kushona hakuna. Hakuna hata mmoja! Hakuna sindano. Uzi haujatajwa mahali popote.

Nikasema labda yupo ila umemsahau, nikapiga hesabu. Mimi kwa siku nashona sare mbili, mtoto akilala mchana. Elfu sitini zitanichukua miaka themanini na mbili na miezi, bila Jumapili, bila kuugua, bila mama yenu kuja na nyanya. Na wa kwanza kuvaa atakuwa ameshachakaza kabla sijamfikia wa katikati. Kwa hiyo kuna mambo mawili. Ama hakuna askari hata mmoja, kwa mujibu wa Kifungu cha Pili, na mmekuwa mkilinda daraja bila watu. Ama wapo, na wanapigana uchi. Kwenye theluji ya kaskazini. Juu ya farasi. Nakuachia uchague mwenyewe, ila kama ni hilo la pili naomba uchague kabla mwanao hajajifunza.

6. Kwa hiyo, kwa kuwa ufalme hauna nguo, na kwa kuwa ufalme usio na nguo hauna jeshi, na kwa kuwa Ngomechuma bila jeshi ni karatasi nne na gundi, naamuru, samahani, naomba yafuatayo. Mfalme ajiuzulu. Askari wote warudi mkebeni wakiwa wamepangwa kwa rangi. Jenerali asamehewe, abaki kwenye sketi, amepata kazi ya maana. Bahari itolewe dirishani. Na ninyi wanne mhamie kwa kinyozi, ana kile kibaraza na benchi, mkapiganie huko, mimi nikate sketi zangu.

Sina kinyongo na mtu. Nisalimie kinyozi, mwambie mji mkuu umeshakauka. Nisalimie mwalimu wa hesabu, asiguswe na barua hii akanipunguzia sifa kwa mwalimu mkuu. Wasalimie wahunzi wote mia tatu. Mama anakusalimu kutoka kwenye kiti, anasema upitie kwake ukale, umekonda. Kaka yako hajui kama nimeandika, kwa hiyo hakusalimu, lakini angekusalimu.

Ni mimi shemeji yako,
mshona sare, mhaini kwa hukumu ya dadu,
asiye na nchi kuanzia kwenye kochi.

Nyongeza:

Shemeji, nimeisoma barua tena kabla ya kuifunga na dhamiri inanisuta, kwa hiyo naongeza kidogo. Meza niliichukua tangu Jumanne. Ramani niliiviringisha taratibu kama mtoto mchanga, hakuna mlima uliopasuka, nikailaza juu ya kabati. Sketi nimekata zote thelathini na nane siku moja, na za kupitisha kwenye cherehani nimebakiza sita tu. Kwa kweli meza siihitaji. Nitakuwa na pindo za kushona kwa mkono, kazi ambayo inataka kiti na mwanga wa mchana, na masikio hayana shughuli.

Na ukitaka kujua sheria zako nimezijulia wapi, lile daftari lako la kurasa tisini uliliacha chini ya mto wa kochi. Nimelisoma mara mbili. Mara ya pili ni kwa raha tu. Mimi, ambaye kitabu cha mwisho kukimaliza kilikuwa cha picha. Pale ambapo malkia wa zamani anazika upanga wake mwenyewe ili vita viishe, nililia mpaka Kibibi akaniletea kanga.

Kwa hiyo hayo ya kuhamia kwa kinyozi yafute. Mkihamia huko nitasikia nini? Msihame. Nimepima: tukiisogeza bahari kidogo, kiti cha cherehani kinaenea pale kwenye kona, kati ya kaka yako na msitu. Sitasumbua. Nitapinda pindo zangu, na zamu yangu ikifika nitasema mtu wangu anafanya nini, na dadu nitashika mwenyewe.

Ile fomu ya mhusika iliyo ukurasa wa mwisho wa daftari, nimeijaza. Natumaini si kosa, nilitumia penseli. Kazi: fundi wa kwanza wa sare wa Ngomechuma. Silaha: mkasi. Nguvu: anaona kipimo cha mtu kwa macho. Udhaifu nimeandika mstari mzima na nikageuza nyuma. Kilichonisumbua ni lile swali la chini, linalosema mhusika wako anataka nini kuliko vyote. Sikuwahi kuulizwa hivyo kwenye fomu yoyote, shemeji, hata ya kliniki. Nimeandika nikafuta mara tatu mpaka karatasi imekuwa nyembamba, ila leo asubuhi nikiwa napiga pasi nimejua kabisa, nacho ni kwamba anataka, ngoja, Kibibi anaita huko chooni, "Mamaaa, nimemalizaaa!", nakuja mama, usishike ukuta, basi shemeji andika wewe kwamba anataka ku