Kilo Saba za Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Aibu! Mwanafunzi wangu, mwalimu mstaafu anayejifunza udereva na miaka yake sitini na nne, leo kagoma kuondoa gari. Anadai kioo cha kushoto hakionekani, anachoona ni tumbo langu tu. Akaniomba nivute pumzi ndani kila tukifika njia panda. Nimevuta. Njia panda tisa! Nimeona nyota saa nne asubuhi.

Mchana nikaenda hospitali. Daktari wa upasuaji ni mtu mfupi, mpole, vidole vyembamba kama penseli. Kanichorea tumbo langu kwenye karatasi, kalikata kwa kalamu, sehemu kubwa kaifuta, kikabaki kijimfuko chembamba kama ndizi. Nimekubali papo hapo. Siku yenyewe: Alhamisi, 20 Machi. Sharti: wiki mbili za vitu vya maji tu, na siku ya mizani niwe nimepungua kilo sita. Eti ini langu limenenepa, limelifunika tumbo kama kuku anayeatamia. Lisiponywea, hapasui.

Kilo sita. Mchezo wa watoto.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya pili ya vitu vya maji. Nimegundua sheria ina matundu. Aiskrimu ikiachwa juani ni maji. Biskuti ikizama kwenye chai ni chai. Nimekunywa biskuti kumi na nne. Mke wangu kauliza pakiti imekwenda wapi. Nikajitia hamnazo. Kasema naweza kumdanganya yeye, naweza kumdanganya daktari, lakini ini halidanganyiki. Mwanamke huyu hana imani na sayansi.

Jumapili, 16 Machi

Balaa! Mizani ya nyumbani inasema nimeongezeka kilo moja. Nimeihamishia chumbani, sebuleni, uani. Kilo moja kotekote. Mizani za siku hizi mbovu.

Na kesho ndiyo siku ya mizani! Lakini Mungu hamtupi mja wake: nina pacha. Sura moja, kipara kimoja, hata sauti moja. Ni fundi friji. Yeye kanizidi dakika kumi na moja, mimi nimemzidi kilo saba. Na mwezi huu kapungua bila jitihada yoyote! Anakunywa tu maji kama ngamia, basi, suruali inamdondoka. Roho inaniuma. Watu wengine wana bahati.

Nikamwomba aende kupimwa mahali pangu. Akakataa. Nikambembeleza. Mwisho akataja bei: nimwamkie shikamoo kila siku, mbele za watu, mpaka mmoja wetu afe. Shikamoo kwa dakika kumi na moja! Nimemeza mate. Nimeitoa.

Jumatatu, 17 Machi

Ushindi! Kaka kaenda na kadi yangu, kapanda mizani. Kilo sita pungufu, kama tumezikata kwa kisu. Nesi wa mizani, Sista mmoja mwenye uso wa hakimu, kampigia makofi. Wakamtoa damu vichupa vitatu, akarudi akinung'unika. Nimesherehekea kwa kuku mzima. Kuku ni ndege. Chakula chepesi.

Jumanne, 18 Machi

Balaa la kweli!

Saa tatu asubuhi, Mwalimu, yule mwanafunzi wangu mstaafu, yuko kwenye usukani, simu ikaita. Sista. Sukari kwenye damu yangu imepanda mpaka mashine nusura ikatae kuisoma. Nije sasa hivi, na nisiendeshe mwenyewe. Nikaliona jeneza langu, pana, wabebaji wakigombana nani akae upande wa kichwa. Kisha nikakumbuka: ile si damu yangu! Nikacheka kwa sauti. Nikacheka sekunde tano hivi. Halafu nikakumbuka ni ya nani.

Kiu ile. Kupungua kule.

Nikampigia. Yuko nyuma ya friji ya watu, ghorofa ya pili, kichwa kizito, macho yana ukungu. Nikamwambia aende hospitali. Akasema wiki ijayo. Kumweleza sababu sikuweza, maana angekwenda kuwaeleza wao, na Alhamisi yangu ingekufa. Basi nikabuni mpango. Naenda mimi, wanapima upya, wananikuta mzima, wanasema mashine ilikosea. Alhamisi napasuliwa. Ijumaa mke wangu anampeleka kaka hospitali nyingine. Mpango hauna doa! Nikamwambia Mwalimu ageuze gari.

Sista alikuwa mlangoni na kiti cha magurudumu. Akanishika mkono. "Umewahi, baba," akasema. "Wenye sukari kama hii wengine tunawapokea wameshazimia. Siku mbili tatu tu zingetosha kukumaliza."

Nikahesabu mpaka Ijumaa. Kwa vidole, mbele yake. Siku tatu.

"Sista, si mimi," nikasema. "Ni kaka yangu. Ni pacha."

Hakunitukana. Alikisukuma tu kiti kando. Afadhali angenitukana. Kisha akauliza, "Yuko wapi?"

Tukamfuata, Mwalimu kwenye usukani. Miezi mitatu nimemsihi atoke gia ya pili. Leo kaingiza ya nne mwenyewe! Sikugusa breki. Kaka tulimkuta kaketi sakafuni, kaegemea friji, anatafuta bisibisi ambayo ameishika mkononi. Nikambeba mgongoni, ngazi zote, mpaka garini. Wenye nyumba walinipisha. Kumbe mwili huu nao una kazi zake.

Alhamisi, 20 Machi

Leo ndiyo ilikuwa siku yangu. Badala yake nimekaa kwenye kiti cha wageni, kaka ndiye mwenye kitanda, dripu na maua. Sukari inashuka. Wanasema alikuwa ukingoni kabisa. Shemeji, mke wake, kanikumbatia kwa kumwokoa mumewe, kisha kanizaba kofi kwa kumtuma. Hakupumzika katikati.

Daktari kaniita ofisini. Hakupaza sauti. Kaniuliza: kama ningelala mezani na ini lile, yeye akafungua akakosa pa kupita, damu ikamshinda, angetoka nje akamwambie nini mke wangu? Nikaomba radhi. Mara ya kwanza mwaka huu. Upasuaji umesogezwa hadi 24 Aprili. Nianze upya, sifuri.

Nikarudi wodini. Kaka kafumbua macho, kaniashiria nisogee. Nikajua sasa anasema neno zito. Akasema leo hajaamkiwa.

Nimemwamkia. Macho yakanichonyota. Dawa wanazosafishia sakafu hapa ni kali mno.

Jumatano, 23 Aprili

Kilo nane! Zangu mwenyewe! Sista kanipandisha mizani mara tatu, hakuamini.

Nikiri, si wema wangu. Kaka alipotoka hospitali alihamia jikoni kwangu, na sindano zake, na kiti. Yeye anakula kwa kipimo, basi na mimi ninywe kwa kipimo. Juzi nikajaribu kuingia kwa dirisha la jikoni. Dirisha likakataa katikati. Robo saa nimening'inia, paja la kuku liko mezani, dhiraa moja kutoka puani pangu. Kaka alimaliza kulila kwanza, akafuta vidole kimoja kimoja, ndipo akanivuta.

Alhamisi, 24 Aprili

Mwandiko umelala. Nimelewa dawa. Nimeshapasuliwa!

Asubuhi Sista hakuacha kitu. Kasoma ukanda wa mkononi. Kauliza jina la mke wangu, na tarehe ya ndoa. Jina nimelipata. Kisha akamsimamisha kaka kando ya kitanda, akatutazama kwa zamu, akachukua kalamu ya wino mzito na kuniandika mkononi: HUYU.

Nilipoziona taa za chumba cha upasuaji, niliogopa. Kweli kweli. Nikamwuliza daktari kama mtu anaruhusiwa kubadili nia. Akasema anaruhusiwa, hata sasa, na hakuna atakayemcheka. Nikamwaza mke wangu akinifunga kamba za viatu, miaka minne sasa, asubuhi kwa asubuhi, bila kulalamika. Nikasema tuendelee. Wakaniambia nihesabu kutoka kumi kurudi nyuma. Nikaazimia kuvunja rekodi ya hospitali nifike sifuri. Nimefika saba.

Jumamosi, 26 Aprili

Vitundu vitano tumboni, kila kimoja kama kifungo cha shati. Napewa maji kwa kikombe cha dawa, natia ulimi kama ndege. Maji! Sikujua yana ladha.

Manesi wananitembeza koridoni wakisubiri nitoe hewa kwa nyuma, ndiyo dalili ya matumbo kuamka. Mzee wa kitanda cha nne kapasuliwa siku moja na mimi na keshatoa mara mbili. Anajigamba mpaka kwa wageni wangu! Nimezunguka korido mara kumi na moja kwa wivu tu. Saa kumi alasiri, mbele ya daktari na wanafunzi wake sita, nimemjibu. Jibu refu. Wote wamepiga makofi. Mzee kageukia ukutani.

Jumapili, 11 Mei

Mkanda wa gari umefunga! Bila kiungo cha kuongezea! Na Mwalimu kapata leseni. Kanipitia na gari lake, kapiga honi mtaa mzima umetoka.

Kwa furaha nikajipongeza na ngozi ya kuku, kijipande kama ukucha. Ruhusa ni uji mwepesi tu, lakini ukucha ni nini? Kumbe ni jiwe! Kikanikaa kifuani, jasho, mate ya povu, nusu saa nimeinamia beseni. Mke wangu kanipangusa uso. Hakufoka. Kasema tu kwamba safari hii tumbo ni dogo, halina pa kuficha siri. Kisha nikamwona anafuta machozi na kitambaa kilekile.

Nimeapa. Ujanja basi. Naapa hapa kwa maandishi, na sahihi naweka.

Alhamisi, 5 Juni

Hospitali wamenipa saa ya mkononi inayohesabu hatua. Elfu nane kila siku, na hesabu inamfikia Sista yenyewe. Elfu nane! Mimi ni mkufunzi wa udereva, kazi yangu ni ya kukaa.

Kwa hiyo jana nimeifunga kwenye wipa ya gari. Hatua elfu kumi na mbili kabla ya chakula cha mchana, na kioo hakijapata kung'aa hivi! Huu si ujanja. Huu ni ufundi. Leo mvua ilinyesha, nikaweka mwendo wa kasi. Elfu arobaini na sita.

Jioni Sista kapiga simu. Nikaanza kutunga maelezo. Kumbe sauti imejaa furaha! Hajapata kuona mgonjwa wa aina yangu. Anaomba Jumamosi niwaongoze wagonjwa wote kwenye matembezi, kilomita kumi na mbili, na kilima kimoja, ili nao watiwe moyo. Nimekubali, bila shaka. Mtu hukataaje?

Njia nimeshaipitia kwa gari. Kwenye kilomita ya pili kuna kona yenye miti iliyosongamana, mtu akichepuka haonekani. Kuegesha kwenye kona ni kosa, nawafundisha watu kila siku. Lakini nitaegesha kidogo tu.