Thakorji Amelala, Simu Izimwe

Jumatatu, tarehe 6 Novemba

Mama Hetal, hujambo? Natumaini u mzima na goti la kushoto limepata nafuu. Mimi mzima wa mwili. Msalimie sana kaka yako Kiritbhai na watu wote wa Jamnagar.

Ulisema nisikupigie simu mpaka niachane na opsheni za soko la hisa. Sikupigii. Kuandika hukukataza. Nitaandika kidogo kidogo, nikutumie zote pamoja baada ya Diwali, uone mumeo anavyoishi kwa adabu.

Nyumba imepoa. Chai yangu haina ladha hata nikiongeza tangawizi. Thakorji wako, Krishna wetu mdogo, namhudumia mwenyewe. Namwogesha, namvika, nampa sukari ya mawe kama ulivyonionyesha. Leo nilimvika koti la baridi. Jasho sikuliona, ni wa shaba, lakini uso ulikuwa wa mtoto aliyeonewa. Nikamvua. Nadhani anatazama mlango wa jikoni, kama mimi.

Ulimwacha hapa. Hilo linanipa moyo. Mwanamke asiyerudi hamwachi Krishna wake.

Opsheni sijaacha bado. Nakwambia ukweli kwa sababu nimetoka hekaluni sasa hivi. Ninayo moja tu, inaisha Alhamisi. Pesa ya safari yetu ya hija ya Nathdwara ilipotelea humo, na itarudi kutoka humo humo. Ikirudi naacha siku hiyo hiyo. Tunakwenda wote watatu, wewe, mimi na yeye.

Jumanne, tarehe 7 Novemba

Bhupatbhai ni yule yule. Alikaa mlangoni mwa duka lake la bangili akinitazama nikifungua langu la vifungo na lesi. Akauliza kwa sauti, mtaa mzima usikie, kama kifungo cha shati langu nimekishona mwenyewe. Nimekishona mwenyewe. Nikamwambia ni mtindo mpya. Akasema, "Mtindo wa wasio na wake, kaka."

Yeye naye ana opsheni. Akishinda hununulia mtaa mzima vitafunio vya ganthiya. Akishindwa husema tumbo linamsumbua. Mwaka huu tumbo limemsumbua sana.

Siku moja uliniuliza opsheni ni nini hasa nami nikafoka. Nisamehe. Ni kama arubuni ya kiwanja. Unampa mwenye kiwanja pesa kidogo, anakushikia bei mpaka siku fulani. Kiwanja kikipanda, ile haki yako inauzika kwa faida. Kisipopanda, siku ikifika haki imekufa na arubuni imekwenda. Tofauti ni kwamba hapa kiwanja hukioni, na siku ya mwisho inakuja kila wiki.

Nikiandika hivi naona kwa nini hukufurahi.

Jumatano, tarehe 8 Novemba

Charmi, mpwa wa Bhupatbhai, alikuja dukani kununua lesi. Unamkumbuka, yule anayefanya kazi kwa madalali wa hisa. Nikampunguzia bei, nikamwonyesha opsheni yangu. Imeamka! Inataka kufika mara mbili ya niliyolipa.

Akaniuliza nangoja nini. Akasema opsheni ni barafu mkononi, kila saa inapungua hata bei zikitulia, na siku ya mwisho inayeyuka mbele ya macho. Kesho niuze kabla ya chakula cha mchana. Akarudia: kabla ya chakula, mjomba. Anatujua watu wa Rajkot, tukishakula tunafunga maduka na kulala.

Nikamwahidi. Nikaweka kengele ya simu saa tisa na robo, kwa sababu soko linafungwa saa tisa na nusu na faida ya mwisho ndiyo tamu.

Alhamisi, tarehe 9 Novemba

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Saa saba kamili opsheni ilikuwa mara tatu. Mara tatu, Mama Hetal! Nathdwara niliiona kwa macho, chumba cha wageni chenye dirisha, wewe ukifunga kitambaa cha Thakorji. Nikafunga duka kama mtaa wote. Nikala. Nikampa Thakorji chakula chake, nikamlaza, nikashusha pazia.

Na unajua sheria yako. Thakorji akilala hakuna kengele inayolia nyumba hii mpaka aamshwe saa kumi. Hata ya mlangoni uliizima miaka yote hii. Nikaitazama simu. Nikamtazama yeye. Nitamwamsha mtoto kwa ajili ya pesa? Nikaizima simu kwa heshima kabisa, nikajilaza nimsindikize kidogo tu.

Niliamka saa kumi na dakika tano. Usingizi mzuri, sijalala hivyo tangu uondoke. Nilikuota uko jikoni.

Bei zilianguka saa nane na nusu. Opsheni imekufa. Sikupata hata arubuni.

Bhupatbhai aliiuza yake saa sita. Ganthiya ililetwa. Akaniletea sahani mwenyewe, akauliza kama nilikuwa nimelala au nimefariki. Nikasema tumbo linanisumbua.

Ijumaa, tarehe 10 Novemba

Dhanteras, sikukuu ya mali. Watu wananunua vito vya fedha na vyombo. Mimi nimefunga akaunti.

Kweli. Nilikwenda mwenyewe kwa yule dalali mwenye picha kubwa ya Shrinathji, Krishna wa Nathdwara, mlangoni. Nilimchagua kwa ajili ya picha ile na peda tamu za zafarani wanazogawa. Leo peda hazikuwepo. Waliniuliza sababu ya kufunga, nikasema mke wangu. Karani akatikisa kichwa, akasema sababu hiyo ndiyo wanayoandika kila siku.

Nikampigia shemeji, si wewe, kwa hiyo sikuvunja neno. Nikamwambia Kiritbhai, Bhai Beej inakuja, dada lazima amlishe kaka nyumbani kwake dada. Wewe unamweka dada kwako, utalishwa wapi? Kwenye ngazi? Akacheka. Kisha nikasikia sauti yako nyuma ikiuliza kama akaunti imefungwa. Nikasema imefungwa. Akasema mtakuja Jumatano.

Sauti yako. Maneno machache tu. Nimeyabeba mpaka hekaluni.

Jumapili, tarehe 12 Novemba

Diwali. Nimewasha taa mlangoni. Rangoli niliyochora sakafuni kwa unga wa rangi inafanana na chapati iliyoungua. Thakorji nimemvika hariri nyekundu.

Jioni soko la hisa hufunguliwa kwa muda wa saa moja tu ya baraka, unajua, kila mtu anunue chochote ili mwaka uanze vizuri. Mwaka jana ulikaa karibu yangu, ukagusa simu kwa kidole chenye unga mwekundu wa kumkumu, tukanunua hisa moja ya kampuni ya chai. Leo nilisimama dukani kwa Bhupatbhai kama mtoto asiye na fataki. Akauliza kama nataka kugusa simu yake kwa baraka. Nikagusa. Nina aibu, lakini niligusa.

Charmi alikuwepo. Nikamuuliza, kwa maarifa tu, mtu anachaguaje dalali mzuri. Akaniambia nitazame kwanza kama amesajiliwa na mamlaka ya soko. Pili ada ya kila agizo, kwa sababu ndogo ndogo hizo ndizo zinazomla mtu. Tatu kama programu yake ya simu haigandi asubuhi soko likifunguliwa. Nne nipige simu yao nione kama mtu anapokea. Na dalali anayekupigia kukupa siri ya ushindi, mkimbie. Kisha akasema wateja wengi wadogo wa opsheni wanapoteza, na angekuwa mimi angenunua hisa za kawaida akalala mchana kwa amani.

Binti mwenye akili. Nimeyashika yote.

Jumatatu, tarehe 13 Novemba

Ulisema nifunge ile akaunti. Ile nimefunga.

Hii niliyofungua leo ni nyingine. Nimefuata mashauri ya Charmi. Madalali wawili walikuwa na ada ndogo na simu walipokea. Nikachagua wa tatu. Programu yake ni ya manjano, manjano ile ile ya nguo ya Thakorji ya sikukuu. Niliona ni ishara.

Ni kwa ajili ya Nathdwara, Mama Hetal. Opsheni moja, ya mabenki, inaisha Jumatano. Ukija nitakuwa na tiketi mkononi.

Alhamisi, tarehe 16 Novemba

Ya jana unayajua. Naandika upande wangu.

Ulipoingia hukunisalimu, ulikwenda moja kwa moja kwa Thakorji, ukamgeuzia koti nililomvika nyuma mbele. Kisha jiko likalia. Harufu ya mbegu za haradali kwenye mafuta! Nilisimama ukumbini nikijifanya natafuta miwani. Ulimpaka Kiritbhai tilaka kwenye paji la uso, ukamlisha, akasema dada, mkono wako haujabadilika. Ukaniongezea na mimi puri bila kuombwa. Ukamlaza Thakorji, ukashusha pazia. Ukasema kifungo changu kimeshonwa vibaya, utakishona upya jioni.

Jioni, ulisema.

Wiki iliyopita kosa langu lilikuwa kuizima simu. Nilijifunza. Jana niliiacha wazi, sauti juu kabisa, kengele saa tisa na robo.

Sikujua ina sauti kubwa hivyo. Kiritbhai aliruka kitandani akidhani ni moto. Wewe ulifika kwenye simu kabla yangu, ukaona ile programu ya manjano. Hukugomba. Ungegomba ningejua la kusema. Ulipandisha pazia, ukamchukua Thakorji na kitanda chake, na koti, na kile kikombe kidogo, ukamweka kwenye kikapu chake cha safari. Kiritbhai alinishika bega, akasema, "Shemeji, wewe nawe."

Na opsheni sikuuza. Nilikuwa nakimbiza kikapu chako barabarani.

Leo kibanda cha Thakorji ni kitupu. Nimekifuta vumbi, nikaweka sukari ya mawe, kisha nikakumbuka. Sasa mchana hakuna wa kulala hapa ila mimi, na simu inaweza kulia inavyotaka. Kwa upande wa biashara hilo ni jambo jema. Charmi anasema opsheni za mwezi mzima haziyeyuki haraka kama za wiki, na wale madalali wawili wenye ada ndogo bado wanafungua akaunti. Nimeomba fomu, nisome tu.

Kifungo kimekatika kabisa. Nimekihifadhi mfukoni.

Je, Thakorji anakula huko? Asubuhi anapenda sukari iliyovunjwa, si nzima. Nijibu upesi, tafadhali, hata mstari mmoja.