Ombi la Kuchelewesha Ndege ya Chennai hadi Coimbatore

Ndugu Mkurugenzi wa Safari za Ndege,

Pokea heshima zangu. Nakuandikia nikiwa nimekalia begi katika ukumbi wa abiria hapa Coimbatore, sinia la maua na ndizi mapajani. Ndege yako imetufikisha salama na kwa wakati. Hilo ndilo lalamiko langu.

1. Kutoka Chennai hadi hapa ni kilomita mia nne na ushee kwa njia ya angani, na ndege yako huzimaliza kwa saa moja na dakika chache. Tumeondoka saa tatu na nusu, tumetua kabla ya saa tano. Leo Ijumaa. Saa nne na nusu hadi saa sita ni saa ya Rahu, yule pepo mmeza jua, nuksi tupu, na mwenye akili haanzi jambo. Sisi tumekuja kuiona nyumba atakayoolewa binti yetu, Yazhini.

2. Mimi ni mhandisi wa maji. Rahu simwogopi, ninayemwogopa nimemwoa. Visalakshi kaniambia, "Baba Yazhini, vuka kizingiti cha watu saa hii, mtoto akirudishwa utamlea mwenyewe." Nikamkumbusha kwamba nimesoma sayansi. "Basi keti hapo na sayansi yako."

3. Mama wa kijana, Bi Rukmani, alisema tukitua tu twende, chakula ki moto. Tukichelewa, atasema watu wa Chennai wanajiona, na posa itaingia mchanga. Ameshapiga simu mara mbili: "Mmefika, dada?" Mke wangu anajibu, "Bado tunangoja mabegi."

4. Kwa hiyo naomba ndege ya Ijumaa izunguke juu ya mji wa Salem, hapo njiani, mpaka saa sita. Angani hakuna kizingiti.

5. Ikishindikana, mji wa Coimbatore usogezwe magharibi kidogo. Najua huko kuna milima. Nia ikiwepo, milima ni nini?

Nisalimie marubani, mafundi, na yule binti aliyenipa maji mara ya pili bila kununa.

Wako niliyewahi mno,
K. Arumugam

Tanbihi: Nimetoka kutafuta chai, nikamkuta Bi Rukmani kibandani nje ya uwanja, simu mkononi. Asubuhi mama mkwe wake ndiye aliyemkumbusha Rahu. Yeye akaona haya kutuzuia, akaja kungoja hapa huku akiomba ndege ichelewe. Nikamwita Visalakshi. Tumecheka sana, na kabla glasi hazijapoa mama hao wawili wameshapatana kila kitu, hata tarehe ya harusi. Kwa hiyo barua hii ichane, na ndege iache ilivyo. Saa ya ukutani hapa kibandani inaonyesha Rahu bado ana nusu saa yake. Visalakshi ameitazama mara moja, akavua miwani, akaitia mkobani, akaagiza chai nyingine.